Kati ya kukamatwa na kuhukumiwa: jinsi uvumi unavyouharibu upelelezi

Kila unapotokea uhalifu mkubwa, maswali huwa yaleyale. Mbona polisi hawasemi wanachokijua? Mbona gazeti linaandika "mtuhumiwa" ilhali picha yake imeenea kila mahali? Anayeandika hivyo anamlinda nani? Na kama vyombo vya habari vimefunga mdomo, kuna ubaya gani wananchi wakijitafutia ukweli wenyewe, maana simu wanazo na macho wanayo?

Ni maswali ya haki, na mara nyingi anayeyauliza ana uchungu wa kweli. Jibu lililozoeleka ni kwamba hata mtuhumiwa ana haki zake. Ni jibu sahihi, lakini halijakamilika. Upande wa pili, ambao watu huusikia mara chache, ni kwamba uvumi unaumiza upelelezi wenyewe. Unachanganya kumbukumbu za mashahidi, unawapeleka wapelelezi pasipo na kitu, na unaweza kumpa mhalifu wa kweli nafasi ya kupumua. Kwa hiyo, anayemtakia haki mtu aliyeuawa ndiye anayepaswa kuuogopa uvumi kuliko mtu mwingine yeyote.

Maneno na hatua zake

Mkanganyiko mwingi huanzia kwenye maneno, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku tunayatumia kana kwamba ni kitu kimoja.

Uhalifu ukishatokea, polisi huanza upelelezi: hukusanya vielelezo, huhoji watu, huangalia kamera, hupeleka sampuli maabara. Katika hatua hii watu wengi wanaweza kuitwa na kuhojiwa: jirani, mume, mfanyakazi mwenzake, mtu wa mwisho kupigiwa simu. Kuhojiwa si kutuhumiwa. Polisi asipomhoji mume wa mwanamke aliyepotea atakuwa hajafanya kazi yake, na kumhoji kwake hakusemi lolote kuhusu huyo mume.

Mtuhumiwa, au mshukiwa kama wengine wanavyomwita, ni yule ambaye wapelelezi wana sababu fulani ya kumshuku. Anaweza kukamatwa, na katika nchi nyingi sababu inayotosha kumkamata mtu ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: shaka yenye msingi, basi. Mshtakiwa ni mtu ambaye tayari ameshafikishwa mbele ya mahakama na kusomewa mashtaka. Hapo waendesha mashtaka wamepima ushahidi na kuona unastahili kusikilizwa. Mwenye hatia ni yule ambaye mahakama imeridhika, pasipo shaka yoyote ya maana, kwamba alitenda kosa.

Kipimo cha ushahidi hupanda kwa kila hatua. Ndiyo maana sentensi "mtu mmoja amekamatwa kuhusiana na mauaji" inaweza kuwa kweli tupu, na sentensi "muuaji amekamatwa" iliyoandikwa saa hiyohiyo kuhusu mtu huyohuyo ikawa ni kisio tu. Mwandishi wa sentensi ya pili amezikanyaga hatua zote na kutoa hukumu.

Kanuni inayozibana hatua hizi pamoja ni dhana ya kutokuwa na hatia: kila mtu anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka ithibitike vinginevyo kisheria. Imo katika kifungu cha 11 cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 14 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, na katika kifungu cha 7 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981. Kuna wanaosema kanuni hiyo inamfunga hakimu peke yake, na kwamba raia na mwandishi wako huru kuamini watakavyo. Kuamini, ndiyo. Lakini mwaka 2007 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ilipoufafanua mkataba wa 1966, ilisema wazi kwamba viongozi wa serikali wote wana wajibu wa kujizuia kutangaza hatia ya mtu kabla ya kesi kumalizika, na kwamba vyombo vya habari navyo viepuke kuripoti kwa namna inayoivuruga dhana hiyo. Waziri au kamanda anayesimama mbele ya kamera na kusema "tumemnasa muuaji" anakwenda kinyume na kanuni hii, hata kama baadaye itathibitika alikuwa sahihi.

Mlinzi wa Atlanta

Usiku wa tarehe 27 Julai 1996, Michezo ya Olimpiki ikiendelea mjini Atlanta, Marekani, mlinzi mmoja aliona begi lililotelekezwa chini ya benchi katika bustani iliyojaa watu. Alitoa taarifa, akaanza kusaidia kuwaondoa watu. Bomu lililokuwa ndani likalipuka kabla eneo halijawa tupu. Mama mmoja aliuawa, mpigapicha mmoja alifariki kwa shinikizo la moyo akikimbilia eneo la tukio, na zaidi ya watu 100 walijeruhiwa. Bila yule mlinzi, vifo vingekuwa vingi zaidi.

Kwa siku tatu alikuwa shujaa. Tarehe 30 Julai gazeti la mji huo likaandika kwamba wapelelezi wa FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu ya Marekani, wanamwangalia yeye kama huenda ndiye aliyelitega bomu. Kuanzia saa hiyo kamera zilipiga kambi nje ya nyumba aliyoishi na mama yake. Wachambuzi wakaeleza kwenye televisheni kwamba tabia yake inaendana na ya mtu anayetengeneza hatari ili aje kuonekana mwokozi: mpweke, anayependa sare, anayetamani sana kuwa polisi. Hakukamatwa. Hakushtakiwa. Tarehe 26 Oktoba 1996 waendesha mashtaka walimwandikia barua kuthibitisha kwamba si mlengwa wa upelelezi tena.

Sitaji jina lake hapa, wala majina ya wengi wa waliosingiziwa ninaowaeleza, ingawa majina hayo ni rahisi kuyapata. Jina la aliyelitega bomu ni Eric Rudolph. Kati ya Januari 1997 na Januari 1998 alilipua mabomu mahali pengine patatu, na katika mlipuko wa mwisho alimuua askari polisi. Alikamatwa mwaka 2003 na kukiri makosa mwaka 2005. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba angekamatwa mapema kama macho yasingeelekezwa kwa mlinzi. Kilicho wazi ni kwamba wiki za kwanza, ambazo kwa mpelelezi yeyote ndizo zenye thamani kubwa, macho ya nchi nzima yalikuwa kwa mtu asiyehusika.

Kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo kila anayejadili maadili ya habari anapaswa kulitafakari. Shauri la madai dhidi ya gazeti lile lilidumu miaka mingi, hata baada ya mlinzi kufariki mwaka 2007, na mwishowe likatupwa. Mahakama ilisema yaliyoandikwa yalikuwa kweli kwa kiasi kikubwa wakati yalipochapishwa. Na ni kweli: FBI walikuwa wanamchunguza. Gazeti halikutunga. Kwa hiyo swali la kimaadili haliishii kwenye "je, ni kweli?" Kuna la pili: je, umma ulihitaji kujua jina hili leo, au wapelelezi wangeweza kuachwa wamalize kwanza? Sheria ililinda gazeti, na maisha ya mtu yakavunjika hivyohivyo. Mhariri anayejifariji kwamba wanasheria wamepitisha habari yake amejibu swali moja tu kati ya mawili.

Kinachoharibika ndani ya upelelezi

Watu wengi hudhani uvumi ni kelele za nje ambazo mpelelezi makini anaweza kuzipuuza. Hauko nje. Fikiria nyayo za mwizi kwenye udongo uliolowa asubuhi na mapema. Anayejua kufuata nyayo atazisoma: huyu alikuwa anakimbia, hapa alisimama, hapa walikuwa wawili. Wakija watu mia wenye nia njema kusaidia kutafuta, kila mmoja akikanyaga kanyago lake, nyayo za kwanza hazirudi tena, hata wote wakiomba radhi na kuondoka.

Kumbukumbu ya shahidi ni udongo wa namna hiyo. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya ajali ya magari. Kundi moja la wanafunzi 50 liliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipobamizana", kundi lingine la idadi hiyohiyo likaulizwa yalipo"gongana", na la tatu halikuulizwa kuhusu mwendo. Baada ya wiki moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la kwanza 16 walisema waliviona. Katika la pili ni 7. Filamu haikuwa na kioo kilichovunjika hata kimoja. Kitenzi kimoja kikali, kilichosikika mara moja, kiliwapa watu kumbukumbu ya kitu ambacho hakikuwepo. Sasa pima inakuwaje kwa shahidi aliyelala na simu yake wiki nzima akisoma nani alifanya nini, na sura ya "muuaji" ikimpitia mbele ya macho mara mia kabla hajaitwa kumtambua mtu. Atakapomnyooshea kidole hatakuwa anasema uongo. Atakuwa anaamini. Na wakili wa utetezi atakapouliza ameona picha hiyo wapi kwa mara ya kwanza, ushahidi wake utayeyuka, hata kama mtu aliyemnyooshea kidole ndiye mwenyewe.

Oktoba 2002, katika eneo la Washington na majimbo jirani, watu walikuwa wanapigwa risasi kwa siri wakiwa kwenye shughuli zao za kawaida. Kumi waliuawa. Mashahidi wa mwanzo walitaja gari jeupe la mizigo likiondoka. Habari hiyo ikatangazwa usiku na mchana, na kuanzia hapo kila risasi ilipopigwa watu waliyaona magari meupe ya mizigo, kwa sababu magari hayo yako kila barabara na sasa macho yalikuwa yanayatafuta. Wauaji walikuwa ndani ya gari dogo la samawati iliyokoza, Chevrolet Caprice la mwaka 1990. Polisi walikuwa wamezihakiki namba za gari hilohilo mara kadhaa katika kipindi hicho na kuliacha liende.

Haki inataka niseme na mwisho wake. Usiku wa tarehe 23 Oktoba maelezo ya gari halisi na namba zake yalitangazwa, na saa chache baadaye mtu aliliona limeegeshwa kwenye kituo cha mapumziko kando ya barabara kuu, akapiga simu. Wauaji walikamatwa humo wakiwa wamelala. Vyombo vya habari vilevile vilivyowapoteza watu kwa wiki tatu ndivyo vilivyomaliza kazi kwa usiku mmoja, pale viliposambaza taarifa iliyothibitishwa. Ndiyo maana simwungi mkono anayesema vyombo vya habari vikae kimya mpaka siku ya hukumu.

Kuna pia taarifa ambazo polisi huzificha kwa makusudi, na hapa ndipo shutuma za "wanaficha kitu" huwa nyingi. Wanaficha kweli, na wana sababu. Aina ya fundo katika kamba, kitu kilichochukuliwa mfukoni, mahali hasa jeraha lilipokuwa: hayo huwekwa siri ili atakapojitokeza mtu kukiri, apimwe kama anajua kisichojulikana na mwingine. Watu hukiri makosa wasiyoyatenda, hasa katika kesi zenye kelele. Agosti 2006 mwanamume mmoja alikiri kumuua mtoto wa miaka sita aliyeuawa Colorado, Marekani, mwaka 1996. Vipimo vya vinasaba vilipotoka, vikaonyesha kwamba vinasaba vilivyokutwa kwenye tukio si vyake. Mwandishi anayechimba na kuichapisha siri kama hiyo kwa sababu tu hakuna mwingine aliye nayo, amewanyang'anya wapelelezi kipimo ambacho hakina kingine cha kuchukua nafasi yake.

Na kuna kesi yenyewe. Mwaka 1954 daktari mmoja wa viunga vya Cleveland alihukumiwa kwa mauaji ya mkewe baada ya miezi ya magazeti kumwandama; moja liliuliza ukurasa wa mbele kwa nini hajatiwa ndani. Majina na anwani za raia waliochaguliwa kuamua kesi zilichapishwa. Juni 1966, katika shauri la Sheppard dhidi ya Maxwell, Mahakama ya Juu ya Marekani iliibatilisha hukumu kwa kuwa kelele hizo zilimnyima kesi ya haki. Kesi ilisikilizwa upya mwaka huohuo, akaachiwa huru. Ukimwamini kuwa hakuua, alikaa karibu miaka kumi gerezani bure. Ukiamini aliua, ni magazeti yaliyodai afungwe ndiyo yaliyochangia hukumu ile kuvunjwa.

Uso usio na machozi

Uvumi una malighafi yake, na malighafi kuu ni tabia. Halii. Analia mno. Alitabasamu mazishini. Nywele zake za ajabu. Anaishi peke yake.

Tarehe 17 Agosti 1980, karibu na mwamba wa Uluru nchini Australia, mtoto mchanga aitwaye Azaria Chamberlain alitoweka kwenye hema la wazazi wake. Mama yake, Lindy, alisema mbwa mwitu wa huko, dingo, amemchukua. Uchunguzi wa kwanza wa kifo ulimwamini. Umma haukumwamini. Alionekana mtulivu mno kwenye televisheni kwa mama aliyefiwa. Dini yake ya Kisabato haikueleweka, na ikavumishwa kwamba jina la mtoto lilimaanisha sadaka ya jangwani, jambo ambalo si kweli. Kesi ikafufuliwa. Wataalamu walisema wamekuta damu ya mtoto mchanga ndani ya gari la familia. Mwaka 1982 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1986 koti la mtoto lilipatikana karibu na mapango ya dingo, akaachiwa. Mwaka 1988 hukumu ikafutwa. Ile "damu" ilibainika kuwa ni kemikali iliyopuliziwa na kiwanda ndani ya gari kuzuia kelele. Ilichukua mpaka mwaka 2012 ndipo ofisa wa uchunguzi wa vifo alipoandika rasmi kwamba dingo ndiye aliyesababisha kifo cha mtoto huyo.

Miaka 32. Na chimbuko lake, kwa watu wengi, lilikuwa sura iliyokosa machozi yaliyotarajiwa. Kila mtu hupokea msiba kwa namna yake. Mwingine huganda, mwingine huongea bila kukoma, mwingine huuliza chakula kiko wapi. Hakuna mpelelezi wala mwanasaikolojia makini anayeweza kumtazama mtu kwenye video ya sekunde thelathini akasoma hatia.

Jambo kama hilo lilimkuta mwalimu mstaafu wa Bristol, Uingereza, aliyekamatwa Desemba 2010 baada ya mpangaji wake kuuawa. Magazeti yalimwonyesha kama kiumbe wa ajabu: nywele zake, mashairi anayoyapenda, ukimya wake. Aliachiwa, na mwaka 2011 mtu mwingine akahukumiwa. Magazeti manane yalimlipa fidia, na mawili kati yake yalitozwa faini na mahakama, moja pauni 50,000 na jingine pauni 18,000, kwa kuhatarisha mwenendo wa haki.

Kila mtu akiwa mpelelezi

Zamani lawama zilikuwa za mhariri. Sasa mtu yeyote anaweza kumtaja jina mwenzake mbele ya mamilioni kabla chakula cha mchana hakijaiva. Baada ya milipuko ya mabomu kwenye mbio za marathoni za Boston, Marekani, tarehe 15 Aprili 2013, maelfu ya watu walijitolea kuchambua picha za umati. Gazeti moja la New York likaweka ukurasa wa mbele picha ya vijana wawili wasiohusika. Mtandaoni, mwanafunzi aliyekuwa ametoweka tangu mwezi uliotangulia akatangazwa kuwa ndiye mlipuaji, na familia yake, iliyokuwa ikimtafuta, ikamiminiwa matusi na vitisho. Mwili wake ulipatikana siku chache baadaye. Alikuwa ameshafariki. Kama kuna mfano mmoja wa kumwonyesha anayesema "tunasaidia tu", ni huo.

Novemba 2022 wanafunzi wanne waliuawa Moscow, mji mdogo wa jimbo la Idaho, Marekani. Mtu aliyekuwa na wafuasi wengi mtandaoni alidai kwamba mhadhiri fulani wa chuo chao ndiye aliyepanga mauaji. Chanzo chake kilikuwa kadi za ramli. Polisi walikanusha. Mhadhiri alishtaki, na mwaka 2024 mahakama ikaamua madai yale yalikuwa ya uongo na ya kuchafua jina. Aliyeua, ambaye hana uhusiano wowote na mhadhiri huyo, alikamatwa Desemba 2022 na kukiri Julai 2025. Wapelelezi walikuwa wakimfuatilia kimyakimya wakati mitandao inaunguruma kuhusu wengine. Kimya kile ambacho watu walikiita uzembe kilikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Mitandao haimzawadii anayesema "hatujui bado". Inamzawadia mwenye uhakika, na mwenye uhakika kupita wote siku ya kwanza huwa ni yule asiyejua kitu.

Kimya nacho kina gharama

Lakini siwezi kuishia kuwalaumu wavumishaji, maana wakati mwingine ni mamlaka zinazowaandalia uwanja. Tarehe 29 Julai 2024 watoto watatu wa kike waliuawa kwa kisu katika darasa la dansi Southport, Uingereza. Aliyekamatwa alikuwa na miaka 17, na sheria za huko zinabana sana kumtaja mtoto au kuongelea kesi iliyo hai. Pengo hilo lilijazwa ndani ya saa chache na jina la kutungwa na hadithi kwamba ni mgeni aliyeingia nchini kuomba hifadhi. Polisi walisema jina hilo si lake, lakini hawakutoa la kweli. Siku iliyofuata msikiti ulishambuliwa, na fujo zikasambaa miji mingi. Tarehe 1 Agosti jaji aliruhusu jina litajwe: kijana aliyezaliwa Cardiff, Wales. Wakati huo moto ulikuwa umeshawaka.

Mwaka uliofuata polisi wa Uingereza walipewa mwongozo unaowahimiza kufikiria kutaja uraia na asili ya mshtakiwa katika kesi nzito, ili kuuwahi uvumi. Wapo wanaouunga mkono na wapo wanaohofu utachochea ubaguzi. Mimi naona tatizo halikuwa jina. Lilikuwa ni kutosema lolote lenye nyama. Polisi wanaweza kueleza wanafanya nini bila kueleza wamekuta nini: kwamba mtu mmoja anashikiliwa, kwamba hawamtafuti mwingine, kwamba taarifa fulani inayosambaa ni ya uongo, kwamba watazungumza tena saa fulani. Ahadi ya saa fulani, ikitimizwa, inatuliza watu kuliko tamko refu. Na wanaposema hawawezi kulitaja jambo, waseme kwa nini.

Nchi hazifanani katika kuliweka sawa hili. Uingereza ina sheria ya 1981 inayoifanya kesi kuwa "hai" tangu mtu anapokamatwa, na kuanzia hapo kuchapisha kitu kinachoweza kuiharibu vibaya ni kosa. Mwaka 2022 Mahakama yake ya Juu, katika shauri dhidi ya shirika la habari la Bloomberg, ilisema kwamba mtu anayechunguzwa lakini hajashtakiwa anayo haki ya kutarajia faragha kuhusu uchunguzi huo. Ujerumani, kanuni za baraza la habari zinadai dhana ya kutokuwa na hatia iheshimiwe, na ni kawaida kuona mtuhumiwa anatajwa kwa jina la kwanza na herufi moja. Marekani uhuru wa kuchapisha ni mpana zaidi, na mzigo wa kuilinda kesi huwekwa kwa jaji. Kila mfumo una wahanga wake, kama mifano hapo juu inavyoonyesha.

Visingizio vitatu

"Niliandika inadaiwa." Neno hilo lina kazi yake, lakini haliwezi kusafisha kila kitu. Inadaiwa na nani? Kama ni hati ya mashtaka, iseme hati ya mashtaka. Kama ni askari mmoja asiyetaka kutajwa, msomaji anastahili kujua kwamba anayevujisha habari huwa na lake: kuonekana wanafanya kazi, kumshinikiza mtuhumiwa, kufunika uzembe. Na kama ni "watu mitandaoni", hapo hakuna mdai, kuna mwangwi.

"Nauliza tu." Swali linaloweka jina la mtu karibu na neno muuaji limeshatoa taarifa. Msomaji hatakumbuka alama ya kuuliza.

"Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja." Methali hii ina hekima yake katika mambo mengi ya maisha, ila katika upelelezi imewaumiza watu. Kwa yule mlinzi lilisemwa kwa miezi mitatu, na halikuwepo wala halikuja.

Kwa mwandishi na mhariri, maswali ya kujiuliza kabla ya kuchapisha jina si mengi: ameshashtakiwa au anahojiwa tu? Chanzo ni kimoja au ni viwili visivyotegemeana? Umma unalihitaji jina hili kwa usalama wake leo, kama pale mtu hatari anapotafutwa? Tukikosea, tutaweza kurekebisha kwa ukubwa uleule tuliotangazia? Swali la mwisho ndilo linalosahaulika. Kukamatwa huwekwa ukurasa wa mbele na kuachiwa huwekwa ndani, mistari minne, au hakuwekwi kabisa. Miaka kumi baadaye mtu anayeomba kazi bado hutafutwa jina lake mtandaoni, na kinachotokea kwanza ni ile habari ya kukamatwa ambayo hakuna aliyeikamilisha. Chombo kilichoandika habari ya kukamatwa kinadaiwa habari ya mwisho wa kesi, na kiiunganishe na ile ya zamani mahali palepale ilipo.

Na kwa msomaji ambaye kweli aliona kitu usiku ule, kuna la kufanya lenye manufaa kuliko kuchapisha. Andika ulichokiona kabla hujasoma habari zozote, kwa maneno yako, pamoja na saa na mahali uliposimama, na utenganishe ulichokiona na ulichokisia. Video iache kama ilivyo, usiikate wala usiiongezee maandishi, maana wataalamu wanahitaji faili la awali kujua ilirekodiwa lini. Usilinganishe kumbukumbu na mashahidi wenzako. Kisha peleka kwa wapelelezi; ukiwa huwaamini, pitia kwa wakili au kwa mwandishi anayejulikana kwa kulinda vyanzo vyake, ambaye atakihakiki kabla ya kukitoa.